Nyanya, hoho na mlango wa Mji Mkongwe: lini uondoe rangi kwenye picha

Piga picha ya meza ya sokoni yenye nyanya nyekundu na hoho za kijani, kisha ondoa rangi. Mara nyingi zote mbili hugeuka kijivu kinachokaribiana na jicho halijui pa kutua. Picha ya namna hiyo iache na rangi zake. Sasa chukua mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, jua la saa 11 jioni likiupiga kwa ubavu. Kinachoubeba ni kivuli ndani ya kila mchongo, na ndoo ya plastiki ya bluu iliyoachwa kibarazani inaiba macho tu. Huo naugeuza bila kusita.

Kugeuza kwenyewe kunataka mkono. Kanuni moja inayotumika sana hukipa kijani uzito wa asilimia 59, nyekundu 30 na bluu 11, ndiyo maana nyanya na hoho zinalingana. Kwenye programu ya kuhariri, pandisha nyekundu na ushushe kijani, zitaachana.

Kwa ngozi nyeusi, kazi kubwa iko kwenye kitelezi cha rangi ya machungwa katika programu hiyo. Anza na +10, usikimbilie +40: uso unakuwa bapa, vivuli vya mashavu vinapotea. Ukipandisha na nyekundu, midomo nayo inafifia. Na tafadhali, mtu mweusi abaki mweusi kwenye picha yake. Uso ukiwa gizani, ongeza mwanga wakati wa kupiga.

Ukishusha bluu kupita kiasi ili kukoleza anga, chembechembe zinajitokeza na ukingo mweupe unazunguka minazi na mapaa.

Wengi hukimbilia nyeusi na nyeupe kuokoa picha za harusi zilizopigwa chini ya taa za zambarau ukumbini. Inasaidia, ila si kila mara. Taa ya bluu ikikolea, chaneli ya bluu (sehemu ya picha inayobeba rangi hiyo) huungua, yaani hujaa mwanga kupita kiasi, na ngozi hubaki doa lisilo na maelezo, na hilo halirudi. Punguza mwanga stopu 1, yaani kwa nusu, ukiwa palepale ukumbini.

Weka kamera kwenye RAW (faili ghafi la kamera) pamoja na JPEG (picha iliyokwisha kuchakatwa), kisha chagua mtindo wa nyeusi na nyeupe. Kiooni utaona mwanga na vivuli peke yake, huku faili la RAW likihifadhi rangi zote. Ukipiga JPEG pekee kwa mtindo huo, rangi zimekwenda moja kwa moja.