Usiposisimka, Mungu hayupo?

Jijini Nairobi, mtu akitoka kwenye kesha la Ijumaa bila kulia wala kutetemeka, mara nyingi huondoka akidhani Mungu amempita. Dhana hiyo ina miaka mingi, na Biblia haiiungi mkono.

Msisimko wenyewe si uongo. Zaburi zimejaa machozi na kelele za shangwe. Ila spika kubwa, ngoma na uchovu wa saa tisa usiku vinaweza kumliza yeyote, hata kwenye tamasha. Yakobo, katika Mwanzo 28, alilala njiani akimkimbia kaka yake, jiwe likiwa mto wake. Alipoamka alikiri kwamba Bwana alikuwapo mahali pale, naye hakujua. Hakujua! Wale wanafunzi wawili waliokuwa wakienda kijiji cha Emau, katika Luka 24, walitembea na Yesu mwenyewe wakimdhania mgeni. Walimtambua mezani, alipoumega mkate, na ndipo wakakumbuka jinsi mioyo ilivyowaka njiani.

Kwa hiyo kutambua huweza kuchelewa. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti (shirika la watawa Wakatoliki), alifundisha watu kuipitia siku yao mbele za Mungu: wapi nilipokea neema, wapi niliikwepa. Zoezi hilo linafaa hata ndani ya matatu iliyokwama Thika Road jioni (makanga akikubali kupunguza muziki). Nani alikusaidia leo? Ulimjibuje mama mboga? Ndugu Lawrence, mtawa wa shirika la Wakarmeli huko Paris aliyefariki 1691, aliomba vivyo hivyo katikati ya masufuria ya jikoni.