Mdudu mnene wa kwenye taa ni siafu

Msimu wa nsenene, panzi wanaoliwa, ukifika, wategaji wa Masaka na Kampala nchini Uganda huwasha taa kali juu ya mabati na mapipa. Pamoja na nsenene huanguka mdudu wa kahawia mwenye mbawa, tumbo lake refu na nene kama soseji. Wengi humdhani nyigu, wakamkanyaga. Ni siafu dume, wala hana mwiba: kwa chungu, nyuki na nyigu, mwiba ni wa majike tu.

Linnaeus naye, mwanasayansi wa Uswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya viumbe, alipompa jina siafu dume mmoja mwaka 1764, alimweka katika jenasi (kundi la spishi za karibu) ya nyigu. Simlaumu. Siafu mfanyakazi ana urefu wa milimita chache, hana macho wala mbawa. Dume ana macho makubwa. Malkia hana mbawa, na katika spishi kubwa hufikia sentimita 5. Waweke watatu hao mezani, nani atasema ni wa kundi moja?

Hapo ndipo ugumu wa uainishaji, yaani kuwapanga viumbe katika makundi na kuwapa majina, ulipo. Jenasi ya siafu, Dorylus, ina spishi takriban 60. Wale wanaopita juu ya ardhi kwa misafara tunawafahamu vizuri kiasi. Wanaoishi chini ya udongo ndio kitendawili: baadhi wamepewa majina kwa kutazama madume peke yao, wengine kwa wafanyakazi peke yao. Siafu mmoja anaweza kabisa kuwa anabeba majina mawili.

Sisi wataalamu wa wadudu tunapompata mfanyakazi, tunamgandisha kwa gundi kwenye ncha ya kikadi cha pembetatu, kisha tunamtazama kwa darubini. Kiuno chake kina kifundo kimoja. Chungu wengine wana viwili. Pingili za vipapasio tunazihesabu moja moja, maana idadi hutofautiana baina ya makundi. Tunaangalia pia meno ya taya. Kwa dume, taya na viungo vya uzazi ndivyo vinavyotoa jibu, na hivyo vya uzazi hutolewa kwa sindano nyembamba. Siku hizi DNA inaweza kumuunganisha dume na wafanyakazi wake, mradi wote wawili wamekusanywa.

Dume akishatua, hulifuata kundi la siafu. Wafanyakazi humpokea, humkata mbawa na kumpeleka kwa malkia. Kwa hiyo dume asiye na mbawa, aliyezungukwa na wafanyakazi shambani, ana thamani kwetu kuliko mia waliookotwa chini ya taa.

Ukimkuta unapolima, mtie pamoja na wafanyakazi kumi hivi katika chupa moja ya spiriti kali. Andika kijiji, tarehe na mahali ulipowakuta, kwa penseli, kwani wino wa kalamu huyeyuka katika spiriti. Karatasi hiyo itie ndani ya chupa, usiibandike nje, kisha uipeleke kwa wataalamu wa wadudu wa chuo kikuu au makumbusho iliyo karibu nawe.