Kokteli ya ndimu ni nini hasa?

Ukiagiza kokteli kwenye vibanda vya juisi Mtwara mjini unaweza kuletewa parachichi, embe na pasheni vimesagwa pamoja, tamu balaa, ila leo naongelea ile ya baa. Hiyo ni pombe kali, kitu kichachu na kitu kitamu, vimetikiswa na barafu, basi. Mengine ni majina tu. Ramu, ndimu na sukari ni daiquiri ya Kuba, weka wiski na limau unapata whiskey sour ya Wamarekani, weka vodka na asali ndo ile wanaiita dawa kule Nairobi.

Kipimo cha kuanzia ni viwili pombe, kimoja ndimu, kimoja shira, na kikombe cha kahawa kinatosha kupimia. Mimi shira napunguza kidogo. Shira ni sukari na maji sawa kwa sawa, unapasha mpaka sukari iyeyuke unaacha ipoe, maana sukari kavu kwenye kitu cha baridi haiyeyuki vizuri, inakaa chini unakuja kuitafuna mwishoni.

Ndimu zetu ndogo zile, bingirisha kwanza mezani kwa kiganja zilainike, kata, kamua hapo hapo, chuja kwa chujio la chai. Usikamue kwa hasira maana ganda likibanwa sana linatoa uchungu. Chungwa peke yake haliwezi hii kazi, ndimu ina asidi ya sitriki kama asilimia 6 hivi na chungwa halifiki hata mbili, kwahiyo ukitaka ya chungwa bado utaongezea ndimu.

Sasa barafu, hapa ndo wengi wanaharibu, wanadhani kazi yake ni kupoza tu. Barafu ikiyeyuka ndo maji ya kinywaji chenyewe, bila hayo kinakata koo. Chukua barafu ile ya mfuko, ipasue mapande makubwa, tia kwenye chupa ya jamu yenye mfuniko pamoja na vitu vyako, tikisa kwa nguvu kama sekunde 15 mpaka chupa itoe jasho nje na mkono uanze kuuma, mimina ukichuja. Na joto la Lindi mwezi wa 12, usiiache mezani ukapiga stori, inakuwa maji ya ndimu tu.

Konyagi inafaa sana, ina asilimia 35 unajua unachopima. Gongo ya mabibo sikushauri kabisa, hujui nguvu yake wala kilichomo, kipimo cha mbili kwa moja kinakosa maana. Uraka nao, ile pombe ya juisi ya mabibo iliyochachushwa tu, tayari una uchachu na ukakasi wake, ukiutia ndimu ni chachu juu ya chachu.

Kwa asiyekunywa, na huku tuko wengi kwenye familia moja wengine wanakunywa wengine hawagusi, mahali pa pombe weka maji ya tangawizi iliyotwangwa, makali haswa ya kuwasha koo, kisha ongezea soda ya maji juu.