Darasa kimya si lazima liwe darasa lenye heshima

"Ukimchekea mwanafunzi, atakupanda kichwani." Kauli hii imezoeleka katika vyumba vya walimu, Kisumu hadi Kakamega, na ina msingi wake: watoto sitini bila utaratibu ni soko la Kibuye, lile kubwa la Kisumu.

Ila kumkaribisha mtoto si kulegeza kamba. Kanuni za darasa hubaki palepale. Anza na jina. Atieno, kwa Kijaluo aliyezaliwa usiku, ukimwita Achieng, jina la aliyezaliwa jua likiwaka, anajua hujawahi kumtazama vizuri. "Wewe wa nyuma" ni mbaya zaidi. Kisha maswali: walimu wengi hungoja kama sekunde moja tu kabla ya kumgeukia mwingine. Ngoja tatu au nne, uone mikono ya wanaotafsiri kichwani kutoka Kijaluo ikianza kuinuka.

Unataka kujihakikishia? Mwalimu, tia alama kwenye orodha ya majina kila unapomwita mtu ajibu. Ijumaa, angalia walioachwa patupu (kwangu ilikuwa safu ya dirishani, karibu yote). Mzazi naye amuulize mtoto: ni katika somo gani unathubutu kusema, "Mwalimu, sijaelewa"?