Je, wajua kwa nini bundi wa Sokoke ana rangi tatu na bado ni ndege mmoja?

Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kusini mwa Malindi, yuko bundi mdogo asiyefika urefu wa shubiri. Mmoja ni wa kijivu, mwingine kahawia iliyokoza, mwingine mwekundu kama kutu. Wote ni spishi moja, Otus ireneae, na dume wa rangi hii hulala tawi moja na jike wa rangi ile bila tatizo.

Jibu la haraka, ambalo hata mwandishi wa makala hii aliwahi kulitoa, ni kwamba rangi mbili ni spishi mbili. Sivyo. Rangi hutenga ndege pale tu wanapoitumia kuchagua mwenzi. Huko Ulaya wapo kunguru mweusi kabisa na kunguru wa kijivu mwenye sehemu nyeusi. DNA yao ilipolinganishwa mwaka 2014, zilipatikana herufi 82 tu za DNA ambazo kwazo kila mweusi alitofautiana na kila wa kijivu, na 81 kati ya hizo zilirundikana katika kipande kimoja cha kromosomu (uzi wa DNA unaobeba jeni) ya 18, penye jeni za rangi na za kuona. Kwingineko jeni zao huchanganyika. Hata hivyo, wengi huoana na wa rangi yao, na mpaka haujafutika.

Kosa la pili ni kubwa zaidi: kuamini kwamba spishi mbili haziwezi kuzaana kabisa. Angalau spishi 1 kati ya 10 za ndege inajulikana kuzaa na nyingine. Swali la maana ni hili: chotara huwa na hali gani?

Chukua mlango wa Lamu wa mbao mbili, wenye nafasi ya sentimita 2 katikati. Mafundi wawili wana kipimo hicho kimoja, kisha mmoja anahamia Malindi na hawaonani tena. Wa Lamu anaongeza ubao wa kushoto sentimita 1.5, mlango wake unafunga. Wa Malindi anaongeza ubao wa kulia sentimita 1.5, wake nao unafunga. Hakuna aliyekosea. Sasa chukua ubao wa kushoto wa Lamu na wa kulia wa Malindi, uzitie kwenye miimo ya mlango mmoja: mbao zinagongana, mlango haufungi. Jeni nazo ni hivyo. Kila badiliko lilijaribiwa na jeni za kwao tu. Ndani ya chotara, mabadiliko mawili yanakutana kwa mara ya kwanza.

Kwa ndege, chotara anayeumia mapema mara nyingi ni jike. Sababu ni kromosomu za jinsia, ziitwazo Z na W: dume ana Z mbili, hivyo jeni mbovu ya moja husitiriwa na nzima ya pili. Jike ana Z moja na W, hana akiba.

Lakini mlango huu usipewe sifa zote. Kwa ndege, utasa wa chotara kwa kawaida huchukua mamilioni ya miaka kukamilika, na spishi nyingi zimeshatengana zamani kabla ya hapo, kwa wimbo na sura.

Wimbo wenyewe unaweza kufanya kazi kwa kasi ya ajabu. Mwaka 1981 dume mmoja wa ndege mdogo aitwaye Geospiza conirostris, mzaliwa wa kisiwa cha Española, alitua kisiwa cha Daphne Major, vyote katika visiwa vya Galápagos kwenye Bahari ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao. Wanasayansi Peter na Rosemary Grant walikuwa hapo wakipima ndege. Dume huyo alizaa na jike wa spishi ya kienyeji. Wanawe wa kiume waliiga wimbo wa baba, ambao majike wa kisiwani hawakuujali, na mdomo wao nao haukufanana na wa wenyeji. Kuanzia kizazi cha pili wazao wake walioana wao kwa wao. Ukame mkali wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliwabakisha wawili tu, kaka na dada, nao wakazaa. DNA ndiyo iliyothibitisha baadaye alikotoka babu yao.