Bingwa wa Formula 2 na Formula 3: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Bingwa ni yule aliyeshinda mbio nyingi."
Katika mbio za magari, Formula 3 na Formula 2 ni ngazi zilizo chini ya Formula 1. Dereva Leonardo Fornaroli alitwaa ubingwa wa Formula 3 mwaka 2024 bila kushinda hata mbio moja. Piga hesabu utaona ilivyowezekana. Mbio fupi ya Jumamosi humpa mshindi pointi 10. Mbio kuu ya Jumapili humpa 25, wa pili 18, wa tatu 15. Yaani kumaliza wa tatu Jumapili kunalipa kuliko kushinda Jumamosi.

Tena Jumamosi gridi (mpangilio wa magari wakati wa kuanza) hupinduliwa. Kwenye Formula 3, madereva 12 wa juu katika kufuzu (kipindi cha kusaka muda bora wa mzunguko mmoja) hupangwa kinyumenyume: mwenye kasi kuliko wote anaanza wa 12, katikati ya msongamano, ambako bawa la mbele huvunjika kwa mguso mdogo tu. (Kwenye Formula 2 hupinduliwa 10.) Mwenye akili ya ubingwa hulinda gari siku hiyo na kuondoka na pointi zake tano au sita.

"Magari ni yaleyale, kwa hiyo dereva ndiye kila kitu."
Nusu kweli. Chasisi ni za Dallara, injini za Mecachrome, matairi ya Pirelli, kwa wote. Lakini springi, pembe ya mabawa, urefu wa gari kutoka ardhini na presha ya matairi ni kazi ya timu, na Formula 2 ina kipindi kimoja tu cha mazoezi, dakika 45, kabla ya kufuzu kwa dakika 30. Ukikosea presha hapo, muda wa kujaribu tena ni finyu.

Mengine ni ya mguu wa dereva. Akikanyaga gesi kwa pupa anapotoka kwenye kona, matairi ya nyuma huteleza na kupata moto kupita kiasi, halafu mshiko unakwenda. Mizunguko mitano ya fujo mwanzoni hulipwa mwishoni.

"Ukishachukua taji, Formula 1 inakusubiri."
Davide Valsecchi (2012) na Fabio Leimer (2013) walikuwa mabingwa wa GP2, jina la Formula 2 kabla ya 2017. Hakuna kati yao aliyewahi kuanza mbio ya Formula 1. Kibaya zaidi, bingwa wa Formula 2 haruhusiwi kurudi kutetea taji, hata kama hana kiti kwingine.

"Bila taji hupati leseni ya juu ya FIA (shirikisho la mbio za magari duniani), inayohitajika kuendesha Formula 1."
Kinachotakiwa ni pointi 40 za leseni ndani ya misimu mitatu, zikijumlishwa kutoka mashindano mbalimbali, na wa kwanza, wa pili na wa tatu wa Formula 2 wote hupata 40 zilezile. Kimi Antonelli alimaliza wa 6 kwenye Formula 2 mwaka 2024; msimu uliofuata alikuwa kwenye gari la Mercedes la Formula 1.