Viti Elfu Ngapi? Hilo Silo Swali

Kila Bandari FC, timu yetu ya Mombasa, ikicheza vibaya kwenye uwanja wake wa Mbaraki, mjadala wa uwanja hufufuka. Safari hii umeanzia kwenye grupu la WhatsApp la mtaani, ukahamia barazani Kibokoni, na jana nikaukuta hadi ndani ya feri ya Likoni. Maneno ni yale yale: timu ihame, Mbaraki ni padogo, tujengewe uwanja wa viti elfu thelathini. Mwingine anasema hamsini. Mzee mmoja kwenye feri alifika themanini kabla hatujagusa ng'ambo. Kisha huja ushahidi usiopingika: "Mbona Man U wanajenga wa laki moja?"

Kazi yangu ni usanifu majengo, na majukwaa ya michezo nimeyachora, makubwa kwa madogo. Sina neno na mtu anayetaka timu yake ihame. Linalonichosha ni hiyo idadi ya viti, kana kwamba uwanja ni matatu, husifiwa kwa wingi wa abiria. Jamani, kwenye meza ya mchoraji idadi ya viti ndiyo namba inayopatikana mwisho. Kwanza unapanga umbali wa mtu na mpira, kisha mwinuko wa safu, kisha milango na ngazi za kutokea. Ukishamaliza hayo ndipo unahesabu viti vilivyoingia. Ukianza na viti, hayo mengine yote yatapindishwa ili namba itimie, na anayelipia ni wewe uliyenunua tikiti.

Na hao Man U waachwe kidogo. Machi 2025 klabu ilitangaza mpango wa uwanja wa watu 100,000, ukatolewa na mchoro wenye paa kama hema kubwa. Ni mpango. Lakini hata ukijengwa kesho, uwanja wao wa Old Trafford una viti kama 74,000 nao hujaa mechi baada ya mechi, na nje kuna watu wanaosubiri tikiti. Wale wanaongeza viti kwa sababu watu wamezidi. Sisi tunataka viti ili watu waje. Ni mambo mawili tofauti kabisa, na la pili sijaona likifanikiwa kwa viti peke yake.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kwenye mijadala yote hii hakuna anayekitaja: treki ya riadha.

Mkenya akifikiria uwanja mkubwa, kichwani mwake inakuja Kasarani au Nyayo, na zote mbili zina treki. Kwa hiyo tunapoomba "uwanja wa kisasa" huwa tunaomba na treki bila kujua. Hesabu yake ni hii. Treki ya mita 400 ina pande mbili zilizonyooka za mita 84.39, na ncha mbili za nusu duara zenye nusu kipenyo cha mita 36.5. Ongeza njia nane, kila moja mita 1.22. Jumla unapata urefu wa karibu mita 177 na upana wa mita 92 na nusu. Ndani yake laza kiwanja cha mita 105 kwa 68. Pembeni umepoteza mita 12 kila upande. Nyuma ya goli umepoteza mita 36.

Mita 36! Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kina cha boksi la penalti, na bado hujaweka uzio, wapiga picha wala nafasi ya mkimbiaji kupunguza mwendo. Mtu aliyekaa safu ya kwanza kabisa nyuma ya goli, kiti cha mbele ambacho watu hukigombania, yuko mita 145 kutoka kibendera cha kona ya upande wa pili. Kipimo tunachokitumia kinasema mtazamaji wa mpira afadhali asizidi mita 150 hadi kona ya mbali, na asivuke 190 kwa hali yoyote. Mpira wenyewe una upana wa sentimita 22 tu, na jicho lina mpaka wake. Yaani upande huo wa goli safu chache tu zinakula kipimo chako chote, halafu juu yake mtu anataka kupandisha safu arobaini nyingine ili afikishe elfu hamsini.

Hapo ni umbali. Kuna na kichwa cha mtu wa mbele, na hapa mnivumilie kidogo, kwa sababu ndipo pesa zinapoibiwa bila mtu kuiba.

Chora mstari kutoka kwenye jicho la mtu aliyekaa nyuma hadi kwenye mstari wa pembeni wa kiwanja ulio upande wake. Mstari huo unapita juu ya jicho la mtu aliyekaa mbele yake. Pengo kati ya mstari na jicho hilo la mbele ndilo tunaloliita C. Likiwa milimita 60, utakuwa ukichungulia kati ya vichwa. Likiwa 90, utaona ukiinua kidevu. Kwa 120 umestarehe. Kwa 150 unaona hata kama wa mbele amevaa kofia.

Mfano wa karibu. Mtu wa mbele yuko mita 8 kutoka mstari wa pembeni, jicho lake liko mita 2 juu ya nyasi. Kila safu ina kina cha sentimita 80 na inapanda sentimita 25. Piga hesabu: C inatoka milimita 45. Yaani hakuna kitu, wa nyuma atatazama kisogo dakika tisini. Sasa pandisha safu iwe sentimita 30 na usiguse kingine. C inaruka hadi 91. Sentimita tano za zege zimetenganisha mtu anayetazama mechi na mtu anayeuliza jirani yake nani amefunga.

Na hizo tano ndizo za kwanza kukatwa. Mkandarasi atakuja akuite injinia hata kama umemwambia mara ngapi wewe si injinia, aseme hizo tano hazionekani. Kweli hazionekani, kwenye picha. Kwa safu thelathini ni mita moja na nusu ya urefu, ambayo ni zege, ni nondo, ni nguzo ndefu zaidi. Akizikata ameokoa fedha, na idadi ya viti haijapungua hata kimoja. Siku ya ufunguzi mheshimiwa atatangaza elfu zake kama zilivyo, na hatakuwa amesema uongo.

Tena kuna mtego mwingine: safu zikipanda kwa kimo kile kile kuanzia chini hadi juu, C hupungua kadiri unavyopanda. Ili wa juu aone kama wa chini, jukwaa lazima lizidi kusimama kadiri linavyokwenda juu, na tukifika nyuzi 34 tunasimama, kwa sababu baada ya hapo mtu akijikwaa hatashuka kwa miguu. Ndiyo maana jukwaa lisilo na mwisho halipo. Ukitaka viti zaidi, unaanza ghorofa ya pili, na bei inaanza hadithi nyingine.

Lakini ngoja niseme jambo ambalo vitabu hulipitia kimya. Mrudishe yule mtu wa mbele hadi mita 20, kama uwanja una treki, na uiache safu ipande zile zile sentimita 25 zilizotushinda. C inatoka 163. Safi kabisa! Kofia haikusumbui tena. Uwanja wenye treki hufaulu mtihani wa C kuliko uwanja wa mpira mtupu, na ripoti itapendeza, na bado hutajua ni nani aliyepiga kona. Kwa hiyo mtu akikuletea C peke yake, amekuletea nusu ya habari. Zile mbili, C na umbali, zinavutana, na hakuna fomula ya kuzipatanisha. Ni busara ya mchoraji na shinikizo la mteja.

Shaka yangu nyingine ni kwamba hesabu yote hii imekaa kitako. Inadhani watu wamekaa. Nani anakaa Mbaraki dakika ya 88 mkiwa sare? Watu wazima wote wakisimama, pengo hubaki karibu lile lile, sawa. Mtoto wa miaka minane haoni chochote, na mwenye kiti cha magurudumu haoni chochote, isipokuwa jukwaa lake limeinuliwa makusudi kuvuka vichwa vya waliosimama, jambo ambalo mara nyingi hukumbukwa zege likishakauka. Na zile milimita 150 za kofia, ambazo kwingine huchukuliwa kama anasa, hapa pwani ningezifanya za kawaida. Nusu ya jukwaa wamevaa kofia za vito, na wengine wana ngoma mapajani. Sina kipimo cha ngoma.

Mnaopenda mifano ya Ulaya, chukueni hii badala ya Man U. Juventus walikuwa wakicheza Delle Alpi, uliojengwa kwa Kombe la Dunia la 1990: viti kama 69,000, treki katikati, na mapengo majukwaani kila wiki. Wakaubomoa. Pale pale wakajenga wa viti kama 41,000 bila treki, ukafunguliwa Septemba 2011. Wamepunguza karibu viti 28,000 kwa hiari yao! Kuanzia msimu huo wakachukua ubingwa mara tisa mfululizo. Sisemi uwanja ndio uliofunga mabao. Ila hakuna aliyelilia vile viti.

West Ham wakaenda kinyume. Mwaka 2016 waliacha Upton Park, viti kama 35,000 vilivyobanana na nyasi, wakahamia uwanja wa Olimpiki ya 2012, uliojengwa na treki. Watu wakaongezeka, ni kweli. Machi 2018, mechi na Burnley, mashabiki waliingia kiwanjani kuandamana, na moja ya malalamiko ilikuwa hiyo hiyo: tuko mbali. Miaka imepita, na bado ukikaa na shabiki wao umbali huo atautaja kabla ya matokeo.

Je, Bandari ihame? Sababu nzuri zipo, na hakuna hata moja niliyoisikia kwenye feri. Mwaka 2019 walichukua ngao ya FKF, shirikisho la soka la Kenya, wakaingia Kombe la Shirikisho la CAF, mashindano ya klabu za Afrika, na mechi zao za nyumbani zikachezwa Nairobi. Nyumbani, kilomita karibu 500 kutoka nyumbani. CAF haikuuliza viti tu. Iliangalia vyumba vya kubadilishia nguo, taa, chumba cha daktari, milango, waandishi wa habari. Uwanja wa wastani, lakini uliokamilika kwa hayo yote, ungewapa nafasi ya kubaki hapa hapa. Hilo ndilo la kudai. 

Mengine kwa haraka. Jua: mechi za saa tisa na saa kumi zinahitaji jukwaa kuu upande wa magharibi, jua liwe mgongoni, na kiwanja kilale kaskazini kwa kusini. Chumvi: hatuko Nairobi, bolti isiyopakwa zinki vizuri karibu na Kilindini itaanza kutoa machozi ya kutu mapema, na hakuna bajeti ya matengenezo inayosomwa siku ya ufunguzi. Kutoka: kila sehemu iweze kumwaga watu wake ndani ya dakika nane. Waingereza walijifunza hayo kwa Ibrox, Glasgow, 1971, watu 66 walipokufa kwenye ngazi za kutokea. Hapo sifanyi mzaha.

Nao wanariadha wa pwani? Wana haki ya treki, na kaunti itasema haina fedha za viwanja viwili. Naielewa hoja hiyo kuliko navyopenda kukubali. Jibu langu ni treki yenye kijukwaa kimoja kidogo pembeni, penye nafasi ya ardhi, na mpira uachiwe sanduku lake. Uwanja wa Talanta kule Nairobi, uliopangwa kwa ajili ya AFCON 2027, hauna treki, kwa hiyo serikalini kuna mtu aliyeielewa hii hesabu.

Siku watakapoleta ile picha ya rangi yenye fataki na magari ya kifahari mbele ya lango, msiishangilie kwanza. Ombeni mchoro wa mkato, ule unaokata jukwaa kama kipande cha keki, wenye mistari ya macho. Ulizeni C ya safu ya mwisho na mita hadi kona ya mbali. Wakiwajibu kwa idadi ya viti, nitumieni huo mchoro niuangalie. Bure. Ila msinipigie mechi ikiwa inaendelea.